Mfalme Ndani ya Mtungi

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa kwenye foleni ya posta hapa Morogoro, mbele yangu mtu mpana aliyevaa kanzu, na mbele yake, nisipopaona, ikatoka milio miwili: mmoja mwepesi, mmoja mzito. Kimya kidogo, kisha tena, mwepesi na mzito. Nilijikuta nimemshika mkono mtu aliyesimama karibu nami, mtu nisiyemjua, naye akaniangalia kwa mashaka kama ilivyostahili. Mlio ule niliujua. Ulikuwa mlio wa mlango wa bibi yangu kule mlimani, pale ubao unapogusa mwimo, na pingo, ule mti wa kuzuia mlango, linapoanguka mahali pake.

Mwenye kanzu aliposogea niliona ni karani tu, anagusisha mhuri kwenye wino na kuupiga juu ya barua za watu. Zamu yangu ikafika. Akanipa stempu, nikamgeuza mfalme wa Waingereza, nikamlamba mgongoni, nikambandika. Mji mzima hufanya hivyo siku hizi bila kuwaza lolote. Lakini huyu wa sasa, rafiki yangu, ni mwana. Mimi nilimfahamu baba yake, enzi za Mjerumani, wakati uso ule ukionekana nyumbani kwa mtu ulitosha kumtia kamba shingoni.

Kwetu ni juu, upande wa Uluguru unaoutazama mji. Asubuhi mji haukuwepo. Kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu filimbi ya gari moshi, kama mtu anayepotea na kuita. Jua likipanda, ukungu ulichanika na mabati ya stesheni yakang'aa. Mama yangu alifariki ningali mdogo, nikalelewa na bibi. Na kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye neno la mwisho juu yangu alikuwa mjomba, mwana wa bibi. Neno lake la mwisho, mara nyingi, lilikuwa kicheko. Alishuka mjini na ndizi na magimbi, akapanda na chumvi, na jioni nzima alisimulia aliyoyaona, na kila aliposimulia yalizidi kunenepa.

Mjini kulikuwa na Mhindi mwenye duka ambaye nduguye alikaa Mombasa, kwa Waingereza. Barua zilizotoka huko, na nyingine za wauza vitambaa wa Uingereza kwenyewe, zilikuwa na stempu zenye kichwa cha mfalme. Mhindi alizichana pembe na kumpa mjomba kama bakshishi. Ya kwanza nililetewa ndani ya jani la mgomba, pamoja na chumvi. Ilikuwa nyekundu. Mzee mwenye upara na ndevu nzuri alikuwa ametazama upande.

Bibi aliishika mbali na macho yake, akaigeuza nyuma, akanusa.

"Mbona hatazami watu?" akauliza. "Mtu anayetazama pembeni ana jambo."

"Mama, ni mfalme," mjomba akasema.

"Ndiyo maana. Na huyu mchumba, atanioa mimi au mjukuu wangu?"

Bibi alikuwa hivyo. Alishuku mvua iliyokuja bila ngurumo, alishuku kuku aliyetaga mapema, na mtu aliyemsifia chakula alimtazama mikono. Lakini stempu alinisaidia kuzibandua. Chungu cha magimbi kilipochemka tulikifunua, tukakishikia kile kipande cha barua juu ya mvuke mpaka gundi ikalainika, kisha mfalme akalazwa kifudifudi juu ya jani ili akauke. Hata leo nikisikia harufu ya magimbi yanayochemka, naona ndevu. Nilikuwa naye wa kijani, wa zambarau, na wekundu wengi. Niliwahifadhi kati ya vipande vya ulanga, lile jiwe linalochambuka kama kurasa na kuonyesha kilicho upande wa pili, ambalo wachimbaji wa Kizungu walitupa mabaki yake njiani. Nilifunga kwa ukindu. Ukiinua kuelekea jua, mfalme aliwaka kama taa.

Stempu za Mjerumani nazo zilikuwepo, ila sikuzipenda. Zilikuwa na meli, na melini hukuona mtu. Bibi alisema hiyo ndiyo tabia yao, unaona moshi tu, humwoni mwenye amri.

Nilipovunja ungo nikawekwa ndani, kama wasichana wote wa kwetu. Sitakueleza yote ya uwali. Mengine si ya kuandikwa. Nitakueleza kwamba dunia yote iligeuka kuwa sauti. Nilijua asubuhi kwa mchi wa jirani, mchana kwa nyuki, jioni kwa mbuzi. Bibi akitoka, alifunga mlango kwa nje kwa kamba. Akiwa ndani, alishusha pingo. Mwanamume hakuruhusiwa kuingia, hata mjomba. Yeye alikuja nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta, akaongea nami kupitia ufa mwembamba wa udongo, na kupitia ufa uleule alinisukumia mfalme mpya kila alipompata.

Kila asubuhi jirani yetu alikuja kuomba moto. Alikuwa mjane, rafiki wa bibi tangu zamani, na moto wake ulikuwa na desturi ya kufa usiku. Alikuja na kigae cha chungu, akapiga hodi.

"Umekufa tena?" bibi alimuuliza. "Wewe mwanamke unalala na mto wa maji?"

"Moto wangu unaupenda wako, dada. Kila siku unatoroka kuja kulala kwako."

"Basi uolewe nao. Leta kigae."

Nami gizani nikacheka. Nilisikia makaa yakianguka kwenye kigae, na hatua zake zikiondoka haraka kabla hayajapoa. Nilidhani mambo hayo yatakuwepo siku zote, kama mto.

Sasa, msichana aliyefungiwa ndani hutafuta wa kuongea naye. Pembeni mwa kitanda changu kulikuwa na mtungi wa zamani, umepasuka chini, haushiki tena maji. Siku moja niliongea huku nimeinamisha uso kwenye mdomo wake, na sauti iliyorudi ikawa ya mzee: nene, ya kifuani, ya mtu aliyekula akashiba. Nikajua mara moja ni ya nani. Tangu hapo kila asubuhi nilimsimamisha mfalme kwenye mwanga wa ufa.

"Shikamoo, mfalme," nilisema kwa sauti yangu.

"Marahaba, mjukuu wangu," nilijibu mtungini. "Umeamkaje? Magimbi yameiva?"

Tuliongea mambo mengi. Nilimuuliza kwa nini hatazami watu. Alinijibu kwamba anamtazama mwanawe, asije akamwibia kofia.

Kisha vita vikaja. Barua za Mombasa zilikatika, kwa kuwa Mombasa sasa ilikuwa kwa adui. Wanaume walikamatwa kubeba mizigo ya askari, na baadaye mizigo ile ikaelekea kusini, njia ya Kisaki, ambako tulisikia watu wanaachwa kando ya njia wakiwa bado wanapumua. Baadhi walitoroka, wakajificha misituni juu yetu. Hapo ndipo mlima wote ulipojifunza kuchungulia. Mwanamke akipika chungu kikubwa, wenzake waliwaza anamlisha nani. Akifagia njia ya nyuma, waliwaza anafuta nyayo za nani. Mwalimu wa misheni aliwauliza watoto jana wamekula nini na nani, labda kwa wema tu, lakini wazazi waliwafundisha watoto kujibu kwamba hawakula. Mjomba hakukamatwa kwa kuwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alimtumia kupeleka chakula bomani. Na hilo pia watu walilisema kwa kushusha sauti. Wengine wanachukuliwa, yeye anapanda na kushuka akicheka. Kwa nini?

Siku moja alikuja kwenye ufa bila kucheka. Mhindi alikuwa amemwita nyuma ya duka na kumwambia achome stempu zote. Bomani walikuwa wanawatafuta wapelelezi, na mtu mmoja alifungwa kwa kukutwa na vikaratasi vya Kiingereza visivyokuwa na maana yoyote.

Bibi alisikiliza akiwa anachambua mboga. Nilisikia vidole vyake vikisimama.

"Hatuchomi," akasema.

"Mama, watanining'iniza mimi. Mimi ndiye niliyezileta."

"Huyu Mzungu akishindwa, yule mwingine atakuja kuuliza ni nani alimpenda. Akishinda, jiko lipo. Siku hiyo tutachoma." Akanigeukia. "Ziweke mtungini. Nani anatafuta kitu kwenye mtungi uliopasuka, tena kwa mwali?"

Basi mfalme akahamia ndani ya mtungi. Mimi sikuona sababu ya kuacha kuongea naye. Ilikuwa sasa kama nimemtembelea kwake.

Asubuhi moja bibi alikuwa mtoni. Nilikuwa nimeinama, na mfalme alikuwa akilalamika kwa sauti yake yote kwamba mtungi una baridi na yeye ni mzee, nikasikia hatua nje. Zilikuwa za jirani, nilizijua. Zilifika mlangoni zikasimama. Sikusikia hodi. Niliinua uso mtungini. Kisha hatua zikarudi zilikotoka, polepole, hatua za mtu asiyebeba makaa.

Mchana wake mjomba akaja kwenye ufa, na kicheko kilikuwa kimemrudia mpaka kikamletea kikohozi.

"Mfalme wako ana sauti kuliko jumbe," akasema. "Mwambie apunguze. Wanawake wanasikia."

Nilikasirika. Nilidhani naye alikuwa na tabia ya kusimama ukutani kimya akinisikiliza. Niliupa ufa mgongo, naye akaondoka akiendelea kucheka peke yake, na jioni hiyo nilimsikia kwa mbali, kwenye kilabu cha pombe, sauti yake ikipanda juu ya sauti za wengine kama kawaida yake anaposimulia.

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa asubuhi, ukungu umefika mpaka kwenye ufa wangu, na mbwa walibweka kwa namna ambayo hawabwekei mtu wa kwetu. Nilisikia viatu. Mlimani kwetu hakuna aliyevaa viatu.

"Mama mzee, fungua." Sauti ya askari, Kiswahili cha mtu wa mbali. "Tumeambiwa humu kuna mwanamume."

"Humu kuna mwali," bibi alijibu. Alikuwa amefungua mlango nusu, na amesimama katikati yake.

"Na mwanamume."

"Mwanangu, kwenu hakuna wawali?"

Akajibu mwingine, tarishi wa akida, ambaye sauti yake tuliijua na hatukuipenda. "Sauti imesikika. Nene. Mtoro wa mizigo amefichwa humu, anakula magimbi na kuamkiwa kama sultani."

"Sauti ni yangu. Nimezeeka, nimeota koo la kiume."

Watu walikuwa wamekusanyika, kwa kuwa nilisikia kicheko kilichobanwa.

"Basi liseme koo hilo tulisikie," tarishi akasema.

"Nimesema tangu umefika. Hujasikia? Basi wewe huwezi kuwa shahidi wa sauti."

Mimi nilikuwa nimekumbatia mtungi. Fikiria nilivyokuwa, rafiki yangu. Ningetoka na kuwaonyesha jinsi mwanamume wao alivyotengenezwa, wangetazama mtungini na kumkuta mfalme wa adui, na kamba ingemtafuta aliyemleta. Ningenyamaza, wangeingia, wangekuta vilevile, na juu yake nyumba ya mwali ingekuwa imekanyagwa. Moto ulikuwa umelala chini ya majivu. Ningeupuliza, moshi ungewaambia kwamba nachoma kitu. Niliweka mkono kwenye mdomo wa mtungi, kama vile yeye ndiye angeweza kusema.

"Tutaingia," askari akasema, lakini kama mtu anayetamani kukatazwa.

Ndipo nikasikia kikohozi cha mjomba kikipanda njiani.

"Mnamtafuta nani asubuhi yote hii?"

"Mwanamume aliyemo ndani."

Akacheka, kicheko kifupi. "Basi mnamsumbua mzee bure. Mwanamume mwenyewe ni mimi."

Viatu vya askari viligeuka kumwelekea.

"Mvua ilininyeshea," akaendelea, polepole, kana kwamba anaisimulia kwa mara ya kwanza na hajajua itakavyonenepa. "Nikaingia kuota moto. Nikaona pazuri, nikarudia. Nilikuwa naamkiwa, kweli. Mimi si mjomba wake?"

"Mjomba mzima, kwa mwali," mwanamke mmoja akasema, na mwingine akatema mate. Nyumba hiyo, kwa kauli ile, alijifungia mwenyewe milele. Kwetu mwanamume aliyefanya hivyo hapewi hata maji. Bibi alisema neno moja tu: "Mwanangu."

Askari alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Alisema mtu asiyejua mpaka wa nyumba ana nguvu za bure, na nguvu hizo zitabeba mizigo. Nilisikia kamba ikizungushwa. Tarishi alimuuliza mbona siku zote ameponea kwa jumbe, naye akajibu kwamba jumbe naye hakujua kuhesabu wanaume wake. Watu hawakucheka.

"Mama," akasema mwisho, "baridi inamwingilia mwali. Funga mlango."

Bibi akafunga. Mwepesi, kisha mzito.

Usiku ule nilimweleza bibi juu ya zile hatua za jirani zilizosimama mlangoni bila hodi. Kesho yake jirani alikuja na kigae chake.

"Hodi. Naomba moto."

"Umezimika," bibi alimjibu kutoka ndani. Moshi ulikuwa unatoka paani, na jirani alikuwa na macho.

Mjomba hakurudi. Waingereza walifika, Mjerumani akaondoka kupitia kusini na wapagazi wake, na hakuja yeyote mlimani kuuliza ni nani aliyempenda mfalme. Nilitolewa uwali kwa ngoma ndogo, ngoma ya ukoo wenye aibu. Bibi alinunua kibiriti, akawa mtu wa kwanza kijijini kwetu kuwasha moto wake bila kuutunza, na kila kijiti alichokiwasha alikiwasha kwa ajili ya kutompa jirani kaa la moto. Kibiriti kikaenea. Siku hizi hakuna anayeomba moto. Wawali wanakaa ndani muda mfupi tu, wengine hawakai kabisa, na sijui kama kuna msichana anayejua tena kumtambua mtu kwa nyayo. Sidai kwamba zamani ilikuwa njema. Nasema tu kwamba nyumba mbili zilikula kwenye moto mmoja, kisha hazikula tena, na bibi alikufa akiamini anajua sababu.

Nilipotoka posta siku ile sikurudi kazini. Nilipanda. Nyumba ya bibi bado ipo, wajukuu wa ukoo wanaiezeka kila mwaka, na mtungi upo pembeni palepale. Nilitia mkono. Ulanga ulikuwa umegandana, lakini mfalme ndani yake alikuwa mwekundu kama siku alipofika na chumvi, bado akitazama upande. Nikawasha moto kwa kibiriti, nikakaa naye.

"Hodi humu."

Mlangoni alikuwa jirani. Amekuwa mdogo, amekunjamana, na mkononi alishika kigae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona moshi kwa dada yangu. Naomba moto."

Nilichagua kaa zuri, na huku nikichagua nikamuuliza, bila kumtazama, nani aliwaambia askari.

"Bibi yako alitaka kuniuliza hivyo mpaka akafa," akasema. "Hakuniuliza. Mimi nilisikia mwanamume kwa mwali. Ningemwambia nani? Nilimwambia mjomba wako, mkubwa wa ukoo, kama inavyopasa. Peke yake. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia ni wewe na mtungi."

Nikakumbuka ufa, na kicheko, na kikohozi. Wanawake wanasikia, alisema.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo jioni ikafika, akaenda pombeni." Alitazama makaa. "Mjomba wako alikuwa mtu mzuri sana. Habari ya kuchekesha haikuweza kulala kwake."

Nilimwekea makaa. Nilisikia yakigonga kigae, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu utoto, na nilitaka kumwambia kwamba namwamini. Yote yalilingana. Ila ili nimwamini yeye, ilinipasa nimsikie mjomba tena jioni ile kwenye kilabu, sauti yake juu ya sauti za wote, akimsimulia mfalme na kumnenepesha mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wa akida, akiacha sehemu ya mtungi kwa ajili ya mwisho, na pengine asifike mwisho.

"Asante, mwanangu," akasema. Akatoka, kigae mbele yake, kiganja kimoja kikikinga makaa na upepo, haraka kabla hayajapoa.

Nilikusudia kumsindikiza mpaka njiani, kama ilivyo adabu. Nilisimama, nikaenda mpaka mlangoni. Nikasikia mlio mwepesi, kisha mzito, na nilipotazama, mkono uliokuwa juu ya pingo ulikuwa wangu.